Kadi ya Alama ya Miji ya UNDRR: tulivyoijaza, tulivyobishana

Mimi ni katibu wa kamati ya maafa ya halmashauri. Ukatibu huu hauna mshahara wake. Mtu huongezewa tu juu ya kazi aliyoajiriwa nayo, na hakuna anayekumbuka kwamba upo mpaka mto ufurike. Nimeshaletewa miongozo mingi ya kujiandaa na maafa, mingine jalada lake limezidi yaliyomo. Hii ninayoieleza hapa ndiyo ya kwanza kuwafanya wakuu wa idara wabishane mbele yangu kwa jambo la maana, na kwa hilo naipa nyota nne kati ya tano.

Jina lake ni Kadi ya Alama ya Ustahimilivu wa Miji, imetolewa na UNDRR, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na kupunguza hatari za maafa. Toleo la kwanza lilitoka 2014 kwa msaada wa kampuni za AECOM na IBM, likafanyiwa marekebisho 2017 ili liendane na Makubaliano ya Sendai, ya kimataifa ya kupunguza hatari za maafa, yaliyopitishwa Japani Machi 2015. Unaipakua bure kwenye tovuti yao: kitabu cha maelezo na faili la Excel la kujazia alama. Imepangwa kwa mambo 10 ya msingi, kuanzia uongozi na uratibu, kuzijua hatari, fedha, mipango miji, mazingira, uwezo wa taasisi, uwezo wa jamii, miundombinu, uokoaji, hadi kujijenga upya baada ya maafa.

Ina ngazi mbili. Ya awali ina maswali 47, kila moja unajipa alama 0 hadi 3, na imekusudiwa kumalizwa kwenye warsha ya siku moja au mbili. Ya kina ina vigezo 117, alama 0 hadi 5, na inaweza kuchukua mwezi mmoja hadi minne. Anza na ya awali. Mshauri akikushawishi uruke moja kwa moja kwenye ya kina, muulize kwanza analipwa kwa siku au kwa kazi.

Sasa niseme kilichonivutia. Kabla hujagusa swali hata moja, kadi inakutaka uchague majanga mawili: lile lenye uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea, na lile baya kupita yote linaloweza kuwapata. Maswali yote yanayofuata unayajibu ukiwa umeyashika hayo mawili mkononi. Ukiyaruka, kila mtu anajibu kwa janga lililo kichwani mwake: zimamoto anawaza moto wa soko, afisa afya anawaza kipindupindu, mhandisi wa barabara anawaza daraja. Mnaweza kukaa kutwa nzima mkikubaliana, kumbe kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Sisi tulichagua mafuriko ya kawaida ya msimu, na kwa upande wa baya tukachukua mafuriko yanayokata daraja kubwa usiku huku umeme ukiwa umezimika. Basi ubishi ukaanza. Mhandisi wa maji akasema pampu zake zinategemea umeme. Daktari wa hospitali akasema jenereta anayo, lakini bila maji chumba cha upasuaji hakifanyi kazi. Mtu wa umeme akasema mafundi wake wengi wanakaa ng'ambo ya daraja. Ndani ya nusu saa tukawa tumejichorea ubaoni mnyororo ambao haumo katika mpango wetu wa maafa wenye kurasa lukuki, mpango uliopigwa mihuri yote inayostahili. Kadi ina swali lake kuhusu miundombinu muhimu na jinsi inavyotegemeana. Limeandikwa kwa lugha nzito, kwa hiyo mimi nililigeuza likawa hivi: umeme ukikatika, kipi kinafuata kuzimika, na baada ya hicho kipi? Hapo hata diwani aliyekuwa kimya tangu asubuhi akapata la kusema.

Sehemu ya tisa, ya uokoaji, ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Inapita kwenye onyo la mapema, mipango ya kukabili tukio, watu, vifaa, chakula na mafuta, mawasiliano kati ya vyombo, na mazoezi. Tulipofika kwenye vifaa, afisa ugavi alisoma orodha yake vizuri sana: jenereta ipo, mahema yapo, maboya yapo. Mkononi kalamu ilishaanza kuandika 3. Nikaomba mtunza ghala aitwe. Akaja, akakaa kwenye kiti cha pembeni, na kijana wa zimamoto akamuuliza kwa adabu:

"Mzee, funguo za ghala anakaa nazo nani?"

"Mwanangu, funguo ninazo mimi."

"Na usiku?"

"Usiku niko nazo nyumbani."

"Na ukisafiri?"

Mzee akamtazama kidogo. "Nikisafiri si mtanisubiri nirudi?"

Watu wakacheka, lakini mzee hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lile ni ghala la dharura. Kwake lilikuwa ghala kama maghala mengine, lenye leja na utaratibu wa kutoa vitu kwa hati. Akaongeza kwamba betri ya jenereta iliazimwa na idara nyingine na hati ya kuazima anayo, tukitaka atuletee. Alama ikashuka kutoka 3 hadi 1 pale pale. Hilo swali moja limetufaa kuliko ukaguzi wowote tuliowahi kufanyiwa.

Kwenye onyo la mapema kadi inauliza ni sehemu gani ya wakazi onyo litawafikia kwa wakati. Afisa habari alijibu kwa haraka kwamba tunatuma ujumbe mfupi wa simu. Vizuri. Nani anaidhinisha maneno yake? Mkurugenzi. Na mkurugenzi akiwa ndani ya ndege? Kimya. Nikawakumbusha yaliyotokea Hawaii tarehe 13 Januari 2018, wananchi walipotumiwa kwenye simu onyo la kombora ambalo halikuwapo, na zikapita dakika 38 ndipo wakapelekewa ujumbe wa kulitengua, kwa sababu mojawapo kwamba hapakuwa na ujumbe wa kutengua ulioandaliwa mapema. Watu wa mjini walio na mitambo ya kila aina! Tangu siku hiyo tuna maneno ya onyo na maneno ya kulitengua, yote yameshaandikwa na kuidhinishwa, yanasubiri tu jina la mahali na saa.

Upande mwingine wa swali hilo hilo ni wale ambao simu haiwafikii. Bangladesh walilijifunza hili kwa uchungu. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kufika laki tatu au zaidi, na miaka miwili baadaye ukaanzishwa mpango wa watu wa kujitolea wanaopita kijiji kwa kijiji na vipaza sauti na bendera. Mpango huo bado upo. Kadi haikuambii ufanye hivyo, lakini sehemu ya saba, ya uwezo wa jamii, inakulazimisha uvitaje vikundi vilivyopo mtaani na useme vina kazi gani siku ya tukio. Tukagundua kwamba vikundi tunavyo tele, ila kazi hatujawahi kuvipa.

Nisipite bila kumsifu mweka hazina. Wengi humwacha nje ya warsha kama hizi wakidhani ni mambo ya maboti na machela. Sehemu ya tatu ni ya fedha, na yeye ndiye aliyeuliza: saa nane za usiku tukihitaji katapila la mtu binafsi kuondoa kifusi, nani anasaini, na kwa kifungu kipi? Kwa taratibu zetu za manunuzi zilivyo, jibu lilikuwa hakuna. Dawa yake inajulikana: mikataba ya awali na wenye mitambo, mafuta na malori, bei ikiwa imeshakubaliwa, ili siku ya siku iwe ni kupiga simu tu. Kuijua dawa ni jambo moja, kuona pengo limeandikwa 0 mbele ya mkurugenzi ni jambo jingine. Mikataba hiyo sasa inaandaliwa.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu hizi.

Kwanza, unajisahihisha mwenyewe mtihani. Mkuu wa idara akiwa amekaa pale, nani atampa 0? Kwa hiyo alama ya 2 inakuwa kimbilio la wote: haijisifu, haiumbui, na haisemi kitu. Tulipoliona hilo tukabadili utaratibu. Kila mtu aandike alama yake kwenye karatasi kabla ya mazungumzo, karatasi zifunuliwe kwa pamoja, na anayetaka 3 aonyeshe ushahidi mezani: hati, namba ya simu inayopokelewa, tarehe ya zoezi la mwisho. Pale alama zilipopishana sana, ndipo tulipokaa muda mrefu. Zilipolingana tulisonga mbele. Kitabu kinashauri uwalete watu wa aina nyingi, lakini jinsi ya kuwafanya waseme kweli mbele ya wakubwa wao ni kazi ya katibu.

Pili, ule mchoro wa alama zenu, wenye umbo la utando wa buibui, unaotoka mwishoni. Unapendeza mno. Ukishawekwa kwenye projekta, viongozi wanaanza kuulizia lini utapanuka, wakati swali lilitakiwa kuwa lini betri ya jenereta itarudi. Mimi sasa siuonyeshi mpaka orodha ya kazi, wahusika na tarehe iwe imeshasomwa na kukubaliwa.

Tatu, kadi inapima. Haikufundishi kuongoza tukio. Itakuuliza kama vyombo vyenu vinaweza kufanya kazi pamoja, lakini nani awe kamanda pale eneo la tukio, nani ashike vifaa, nani azungumze na waandishi wa habari, hayo utayatafuta kwingine. Sisi tuliazima mfumo wa kusimamia matukio uliozaliwa California baada ya mioto mikubwa ya 1970, ambao msingi wake ni mwepesi: kamanda mmoja, majina ya vyeo yanayofanana kwa vyombo vyote, na msimamizi mmoja asiwe na watu zaidi ya saba chini yake, watano wakiwa ndio kiasi kizuri. Vivyo hivyo kwa makazi ya muda. Kadi inataka ujue upungufu wako wa makazi na mahitaji muhimu, lakini vipimo tulivichukua kwenye viwango vya Sphere, vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu: maji lita 15 kwa mtu kwa siku kwa uchache, mita za mraba 3.5 za kulala chini ya paa kwa kila mtu, choo kimoja kwa watu 20. Tulipopiga hesabu kwa shule tuliyokuwa tukiitegemea, vyoo vyake vilitosha sehemu ndogo tu ya watu tulioandika kwenye mpango. Aliyeandika ile idadi nadhani alihesabu madarasa.

Nne, kuna maswali ambayo halmashauri haina mamlaka nayo. Mabwawa, gridi ya umeme, minara ya simu, hivi vina wenyewe, na baadhi yao hawaji ukiwaalika kwa barua. Nenda ofisini kwao. Ikishindikana, jaza alama kwa unachokijua na uandike pembeni kwamba mwenye mtambo hakuhudhuria. Maandishi ya namna hiyo yakifika juu, safari inayofuata mwenye mtambo huja.

Jambo jingine lililonigusa halitokani na kadi peke yake. Katika kujadili kituo cha uratibu wa dharura, tulitoa mfano wa Minamisanriku, mji wa pwani ya Japani uliopigwa na tsunami ya Machi 2011. Jengo lao la kukabili maafa, la ghorofa tatu, ndilo lililokuwa likitangaza watu wakimbilie juu, na maji yakalifunika lenyewe. Wafanyakazi wengi waliokuwamo walikufa; meya alinusurika juu ya paa. Likabaki mifupa ya chuma. Na hao ni watu wanaofanya mazoezi kila mwaka. Kituo chetu kiko ghorofa ya chini, upande wa mtoni, kwa sababu ndicho chumba kilichokuwa wazi. Pendekezo la kukihamishia kwenye jengo la mlimani lilipita bila kupingwa, jambo ambalo kwenye vikao vyetu ni nadra.

Nani aichukue? Halmashauri yenye mpango wa maafa uliokaa kabatini, na mkurugenzi aliye tayari kusikia 0. Kama hamna hata orodha ya simu za watu wa kuamshwa usiku, msianze na maswali 47; tengenezeni orodha hiyo wiki hii, mpige kila namba mwone ipi inapokelewa, ndipo mpakue kadi. Kama mmeshaijaza mara moja, ijazeni tena uongozi unapobadilika au baada ya tukio kubwa, na safari ya pili wekeni nguvu kwenye sehemu ya nane na ya tisa kwa ngazi ya kina, kwa maana huko ndiko maswali ya awali yalikotuachia mengi ya kuchimba. Tafsirini maswali kwa Kiswahili cha mtaani kabla ya siku ya warsha. Wekeni mtu mmoja wa kuandika ubishi wenyewe, si alama tu. Na mtunza ghala aalikwe tangu asubuhi, akae mezani na wenzake.