Uzoefu wangu: kifurushi cha London na bahasha ya paundi zilizokufa

Nyota mbili kwa sasa. Naandika nikiwa bado na hasira, anayetaka maneno ya upole asubiri zipoe.

Wakala ni wa hapa hapa mjini kati, jina nalihifadhi. Wanauza kifurushi cha London: viza, tiketi ya ndege, hoteli, treni ya kutoka uwanjani, adapta ya umeme, na bahasha ya paundi 400 "za kuanzia", ambazo unazilipia kwa shilingi pale kaunta. Ndege haikuwa na shida, hoteli ilikuwa safi. Povu langu ni la bahasha.

Imefungwa kwa selotepu, juu ina muhuri wa IMEHAKIKIWA. Ndani noti kumi na tano za ishirini na mbili za hamsini, zote za karatasi. Jamani, karatasi! Noti za karatasi za 20 na 50 Benki Kuu ya Uingereza ilizifuta kwenye matumizi tarehe 30 Septemba 2022. Hapa hatuzungumzii noti iliyochakaa ambayo muuzaji anaweza kukuonea huruma. Dukani hawaichukui kabisa, na mashine ya tiketi stesheni inaitema. Unainyoosha, unaigeuza, inaitema tena, na foleni nyuma yako inaanza kuguna.

Anayenunua paundi hapa Dar azikague hivi kabla hajatoka dukani. Noti zote zinazotumika sasa, za 5, 10, 20 na 50, ni za plastiki na zina kidirisha unachoona upande wa pili. Nyuma ya ishirini yupo mchoraji Turner, nyuma ya hamsini yupo Alan Turing. Ukimkuta Adam Smith kwenye ishirini, hiyo ni ya zamani, irudishe. Sarafu ya paundi moja iwe na pembe kumi na mbili, maana ile ya duara ilikufa Oktoba 2017. Na msidanganyike na sura ya mbele: Malkia amefariki lakini noti zake za plastiki ni halali kabisa, zinatumika sambamba na za Mfalme Charles zilizoanza kutoka Juni 2024. Zile zilizotolewa na benki za Scotland nazo ni pesa halisi, ila wauzaji wengi wa London wanazitilia mashaka, kwa hiyo omba zilizoandikwa Bank of England.

Ukishauziwa karatasi, usizitupe. Benki Kuu yao inabadilisha noti zake za zamani bila kikomo cha miaka. Kaunta iko Threadneedle Street, unashuka stesheni inayoitwa Bank, na wanafungua Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Nenda mapema na pasipoti, foleni huwa ndefu. Baadhi ya ofisi za posta za kule nazo zinabadilisha, lakini mwisho paundi 300 kwa kipindi cha miaka miwili, na si kila tawi lina huduma hiyo. Sasa piga hesabu ya mtu aliyetua Ijumaa jioni na bahasha ya wakala wangu: mpaka Jumatatu hana hata ya maji. Kumpigia wakala nako kuna hesabu yake. London iko nyuma yetu saa mbili wakati wa kiangazi chao, saa tatu wakati wa baridi, yaani ukigundua tatizo saa kumi jioni, Dar wameshafunga na wako kwenye foleni ya Mwendokasi.

Walipojibu, jibu lilikuwa hili: "Kaka hela ni hela. Tumia kadi basi."

Niliporudi na kufika ofisini, yule dada wa kaunta hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Wewe ndiye wa paundi? Mbona ulisaini?" Fomu kweli ina saini. Imeandikwa "nimepokea bahasha ikiwa imefungwa". Imefungwa, dada! Na aliyeifunga na kuigonga muhuri ni ninyi.

Kinachouma zaidi, ushauri wa kadi ni sahihi, wangeutoa kabla hawajaniuzia bahasha. London mabasi yaliacha kupokea pesa taslimu tangu 2014, na maduka na migahawa mingi siku hizi haitaki noti hata iwe mpya. Paundi hamsini au mia moja taslimu zinakutosha kabisa. Kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard, kama ina alama ya vile vimawimbi, unaigusisha kwenye geti la stesheni kama N-Card pale pantoni Kivukoni. Ila kabla ya safari nenda tawini wakuwekee matumizi ya nje ya nchi, ndipo nyingi zinapokwama. Beba kadi ya pili ya benki nyingine. Ukikwama zote, mashine za stesheni zinauza Oyster, kadi ya kulipia nauli.

Kwenye treni unagusisha kuingia na kutoka. Kwenye basi unagusisha mara moja tu unapopanda, na ndani ya saa moja mabasi mengine unayapanda bure. Ukisahau kugusisha unapotoka kwenye treni, wanakukata nauli ya juu kabisa. Nauli ya siku ina ukomo, lakini ukomo huo unahesabiwa kwa kadi moja. Asubuhi ukitumia kadi na jioni simu, hata kama akaunti ni ile ile, mfumo unawaona watu wawili. Mashine ya kadi ikikuuliza ikukate kwa paundi au kwa fedha ya kwenu, chagua paundi, la sivyo wanakupangia kiwango chao cha kubadilisha fedha.

Na kwa kuwa nimeshachafukwa, tumalizane na vilivyobaki kwenye kifurushi. Tiketi ya treni waliyonipa ni ya Heathrow Express, treni ya haraka ya kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow. Ni robo saa tu hadi stesheni ya Paddington, safi, lakini hoteli waliyoniwekea wao wenyewe iko Earl's Court! Treni ya Piccadilly inatoka Heathrow inakwenda moja kwa moja Earl's Court, dakika arobaini hivi, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Mwenye Express anafika Paddington, anaburuta begi hadi treni ya District, kisha anarudi upande alikotoka. Aliyepanga hivyo hajawahi kufungua ramani.

Adapta ndiyo kichekesho. Soketi za Uingereza ni hizi hizi zetu za pini tatu bapa! Ni mwenye chaja ya pini mbili za duara tu anayehitaji adapta, na Kariakoo anaipata kwa hela ya soda.

Haya, haki itendeke. Kijana wao wa viza anajua kazi. Alikataza kulipia ndege na hoteli kabla viza haijatoka, wakati mawakala wengine wanakuharakisha ulipe. Alisema mtu asiingize mamilioni benki wiki moja kabla ya kuomba, kwa sababu afisa anaangalia hela imetoka wapi, si imefika ngapi. Barua ya mwajiri itaje mshahara, siku za likizo na tarehe ya kurudi kazini. Mfanyabiashara aweke leseni na karatasi za TRA. Chochote cha Kiswahili kiende na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Kwa kazi hiyo peke yake ningepandisha hadi nyota tatu.

Nilikuwa nimeshaandika tatu. Kisha wamenipigia kuhusu malalamiko yangu: wanasema wataniondolea usumbufu kwa kunipa punguzo kwenye kifurushi cha Dubai, chenye bahasha ya dirham.

Moja.

Mkiwaendea, lipieni viza peke yake. Atakayeng'ang'ania kuchukua bahasha aifungue pale pale kaunta, noti moja moja, na asisaini kitu mpaka amalize, hata watu wa foleni wakinuna.