Niliagiza mabati ya geji 28, wakaniambia nimwite fundi

Niliingia kwenye hilo duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo nikiwa na karatasi ya vipimo mkononi. Banda la gari nalijenga mwenyewe, nyumbani Kigamboni. Mimi na mdogo wangu tulichimba mashimo ya nguzo, tukamwaga zege, tukalimwagilia maji asubuhi na jioni wiki nzima. Nguzo za skwea paipu zimesimama na timazi imekubali. Ilibaki kuezeka tu.

Nikataja: mabati ya geji 28. Kijana wa kaunta akaangalia nyuma yangu. "Fundi wako yuko wapi, mama?" Nikamjibu fundi ni mimi. Akaniacha, akamhudumia kaka aliyeingia baada yangu.

Ningeondoka palepale. Sikuondoka, maana bei yao ilikuwa nzuri na masika yalikuwa yanabisha hodi.

Mzigo ulifika jioni. Dereva wa kirikuu, Mungu ambariki, alishusha bati mojamoja kama anashusha vioo, rangi haikukwaruzwa hata kidogo. Ni yeye aliyenionyesha maandishi kwenye bati: 30. Risiti inasema 28. Nikapiga simu dukani. Mnajua nilijibiwaje? "Mama, 30 si kubwa kuliko 28? Tumekuongezea hapo. Kama huelewi, mwite fundi akufafanulie."

Mikono ilinitetemeka. Geji inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Anayeuza mabati kutwa nzima analijua hilo. Na huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, kutu inaanzia kwenye matundu ya misumari na kwenye kingo zilizokatwa, sasa bati jembamba litadumu na nini? Kosa la kuchanganya mzigo ningelisamehe, linatokea. Lakini huyu alidanganya akiamini mimi sitajua.

Kesho yake niliyarudisha, usafiri na tozo ya daraja mfukoni mwangu. Bahati nzuri nilimkuta mwenye duka, mzee mtaratibu. Nikamwamkia, nikampa risiti. Hakubisha. Akaagiza yabadilishwe, akanirudishia gharama zote za usafiri, akasema pole mwanangu. Moyo ukalainika. Nilishaamua kuwapa nyota nne, naapa.

Tunapakia, yule kijana akapaza sauti wapagazi wasikie: "Fundi mama, safari nyingine mtume mumeo!" Wakacheka wote. Mzee alikuwa ameshaingia ndani, na mimi sikuwa na nguvu ya kumfuata tena.

Mabati niliyobadilishiwa ni mazuri, siwezi kuwasingizia. Mvua imepiga usiku kucha na gari limeamka kavu. Kwa mabati na kwa yule mzee, nyota tatu, pengine nne. Lakini mzee hakai kaunta. Anayekaa kaunta ni yule kijana, na kila mvua ikigonga juu ya banda nasikia kile kicheko. Nyota moja. Dereva peke yake angekuwa na tano.

Skwea paipu za geti nimezifuata Mbagala. Dada wa duka alichukua karatasi yangu, akaisoma mpaka chini, akaniuliza swali moja tu: "Geti lako ni la kuburuza pembeni au la milango miwili?"