Nakala ya mwanamke wa Tahiti, kwa fundi fremu wa Majengo

Nilimpelekea fundi fremu mmoja karibu na soko la Majengo picha ya "Vahine no te Tiare", yaani mwanamke mwenye ua, anichapie kwenye turubai. Paul Gauguin, Mfaransa, alimchora mama huyu mwaka 1891, mwaka uleule aliofika Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Picha yenyewe iko Copenhagen, Denmark.

Hofu yangu ilikuwa rangi. Amevaa gauni la buluu iliyokolea, limefunga hadi shingoni, mtindo ulioletwa na wamisionari. Mimi namwona bibi yangu wa Mvumi akienda kanisani, kabisa! Chapa ya kwanza buluu ilitoka nyeusi tii, mikunjo yote ikamezwa. Fundi hakubisha, akarudia bila kunidai hata mia. Safari hii mikunjo ya mkono inahesabika, na lile ua dogo vidoleni limetulia penyewe.

Fremu ni ya mninga. Pembe moja ya chini imeacha mwanya, ukucha unaingia, na kwa vumbi letu la kiangazi hilo linaniudhi, nitairudisha Jumamosi. Jumla shilingi 45,000.

Mama hakutazami, anaangalia pembeni, mbali. Jioni jua likimpiga, ukuta wa manjano nyuma yake unawaka, nami naacha kupika nimtazame.