Steshenari ya Madam, Mtwara: kama una dogo anacheza mpira na anasaka digrii pita hapa

Wadau wa Mtwara, najua nani anakaa chini kuandika rivyuu ya steshenari, lakini vumilieni kidogo maana hii steshenari mimi naihesabu ni sehemu ya benchi la ufundi la timu yetu na hata kocha mkuu akisoma hapa hatabisha. Iko maeneo ya Chikongola, ukitokea stendi ya Mkanaledi chukua bajaji tu uulize kwa Madam steshenari, madereva wanapajua. Bango la maana hana, kuna kibao cha mkono kimeandikwa PRINTI SKANI KUCHAPA MAOMBI YA CHUO NA MIKOPO na hapo chini mtu kaongezea kwa chaki "hakuna kukopa", ambalo sio kweli nitaeleza mbele.

Mimi namsaidia kocha kwenye timu ya chuo kimoja hapa mjini. Kwenye makaratasi kazi yangu ni jezi, maji na kukusanya picha za pasipoti za leseni, ila kazi yenyewe hasa ni kuhakikisha dogo hadisko, yaani haondolewi chuo kwa kufeli. Wengi wa vijana wetu wanacheza pia ligi ya mkoa, wawili watatu wamesajiliwa na timu za Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu, sasa hebu piga picha mchezaji ana test Jumatano na timu yake imepanda basi Jumatatu kwenda kucheza kanda ya ziwa, na sisi huku tuko mwisho wa nchi, Dar penyewe tu ni zaidi ya kilomita 550, anarudi Ijumaa miguu imevimba asaimenti imepita, wenzake wa kundi wamemtoa jina kwasababu hakuchangia chochote. Mwalimu mmoja mmoja anaelewa, mwingine ukimpelekea barua ya timu anakuambia mpira sio kozi hapa. Hivyo ndivyo madogo wenye akili zao wanavyopotea, sio kwamba ni wazito, wanapotea kwa ratiba.

Ndo hapo anapoingia Madam. Zamani alikuwa anafundisha sekondari akaacha akajiajiri, kwahiyo ile jicho la ualimu haijamtoka. Ukutani kwake juu ya mashine ya kopi kabandika karatasi mbili pamoja, moja almanaka ya chuo na nyingine ratiba ya ligi, na amezungushia kwa kalamu nyekundu kila sehemu ambayo mechi inagongana na test. Hakuna aliyemtuma. Siku moja nimeenda kutoa kopi za fomu za usajili akaniuliza bila hata salamu, "kaka, hii wiki ya mechi ya ugenini wana test ya takwimu, na namba sita wenu mpaka leo hajaja kuchukua desa la notisi, mmepanga nini?" Mimi hata hiyo test nilikuwa siijui aisee.

Huduma yenyewe iko hivi. Mchezaji akiwa safarini anamtumia kazi kwa WhatsApp, wengine wanaandika kwa mkono ndani ya basi wanapiga picha, Madam anachapa, anamrudishia aikague, akikubali anaprinti na kumpa mwanafunzi mwenzake apeleke. Kuchapa ukurasa ni 500, kuprinti 100, kopi 50 zikiwa nyingi. Baindingi ya spairo 2,000. Sio bei ya kutupa, kuna sehemu utapata kuchapa kwa 400, ila huko kazi yako utaikuta jina la mwalimu limekosewa na majedwali yote yamehama kurasa.

Nimeshuhudia kwa macho yangu winga wetu mmoja kaingia saa moja kasoro jioni katoka mazoezini, vumbi mpaka kope, viatu kavitundika shingoni, fleshi mkononi imejaa vairasi, na kazi inatakiwa kupandishwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku. Madam akaisafisha fleshi, akafungua faili, akawa anashusha taratibu kwa kipanya kama anasahihisha daftari. Kimya. Alafu akageuza skrini ikamwelekea dogo.

"Mdogo wangu, swali la pili lina sehemu a na b. B iko wapi?"

"Dada nilijua zimeungana."

"Hazijaungana. Na hii rejea ya mwaka 2019 huku juu umeitaja, huku chini kwenye orodha haipo. Kaa kwenye kile kiti uandike, mimi nafunga saa tatu."

Dogo akakaa pale na jasho lake akaandika b mpaka ikaisha, na wateja wawili waliokuja kuprinti wakamsubiri. Alilipia kurasa tu, ule muda wa kukaa pale hakuchajiwa.

Sasa kitu kinachonifanya nimpe heshima kubwa kuliko vyote ni kwamba hamuandikii mtu kazi. Mnajua biashara ilivyo mjini, kuna steshenari ukiingia na elfu hamsini unatoka na riseachi iliyokamilika, ya mtu aliyemaliza zamani huko, imebadilishwa jina la kijiji tu, leo Nanyamba kesho Tandahimba na takwimu zilezile. Kwa wachezaji ndo inawindwa zaidi maana wanajulikana hawana muda. Madam alifuatwa na kiongozi wa timu moja, siitaji, akaambiwa wachezaji wetu watano waandikie proposo tutalipa kwa pamoja, akakataa hapohapo na mimi nikiwepo. Akamwambia mzee shikamoo, nimekusikia ila hiyo kazi sifanyi, na akamsimulia kisa cha Marekani cha chuo cha North Carolina, kile kilichotoka kwenye ripoti ya 2014, kwamba kwa miaka 18 kulikuwa na kozi za karatasi tu, hakuna darasani, hakuna mwalimu, unapeleka andiko unapewa alama ya juu, wamepita humo zaidi ya wanafunzi 3,100 na karibu nusu ni wanamichezo wakiwemo wa futiboli na kikapu. Yule kiongozi hakuelewa futiboli gani, akadhani anaongelea mpira wetu, ikabidi nimfafanulie ni ule wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu.

Madam huo mchezo anaufuatilia kweli, sio kwa kuangalia mechi, anafuatilia mambo ya shule yao. Wenzetu kule mpira wa chuo ni biashara kubwa, tangu Julai 2021 mchezaji ameruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura yake, na kwa makubaliano ya mahakamani ya 2025 vyuo vyenyewe vinawagawia wachezaji hela moja kwa moja. Lakini NCAA, ndo TFF yao ya vyuo tuseme hivyo, ina kanuni ya masomo: mwisho wa mwaka wa pili uwe umefikisha asilimia 40 ya digrii yako, wa tatu 60, wa nne 80, usipofika huchezi. Na timu nzima inapewa pointi za masomo kati ya 1,000, ikishuka chini ya 930 inaweza kufungiwa isicheze mashindano ya mwisho wa msimu. Imewahi kuwapata chuo cha Connecticut kwenye kikapu, mwaka 2013 hawakuruhusiwa kucheza mashindano makubwa kwa ajili ya masomo. Connecticut hiyohiyo aliyosoma Hasheem Thabeet wetu, ingawa yeye aliondoka mapema 2009 baada ya miaka mitatu akachaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, na hapo mimi simlaumu mtu, ukiitiwa mamilioni ya dola nenda kaka.

Ila nani anakuitia mamilioni Mtwara? Timu yetu ya Ndanda, Wana Kuchele, tulikaa nao Ligi Kuu kuanzia 2014/15 mpaka wakashuka 2020, uwanja wa Nangwanda ulikuwa unajaa mpaka watu juu ya miti. Namungo kule Ruangwa walipanda 2019 na msimu wa 2020/21 wakafika makundi ya Shirikisho Afrika. Kusini mpira upo, vipaji vipo. Lakini beki wa miaka 31 goti limeshaisha timu ikishuka daraja anarudi shamba la mikorosho la baba, na shamba lenyewe wako ndugu saba. Kwahiyo Madam dogo akimlilia kwamba mpira na shule haviendi anamtolea mifano, tena anaitoa kwa ukali. Anasema Joshua Dobbs alikuwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi kwenye futiboli yao, wa chuo cha Tennessee huku anasoma uhandisi wa anga akamaliza 2017, Duvernay-Tardif alimaliza udaktari wa binadamu McGill kule Kanada 2018 akiwa tayari mchezaji wa kulipwa Kansas City, miaka miwili mbele akabeba Super Bowl, ubingwa wa futiboli hiyo, na wewe hapa una maendeleo ya jamii semista ya kwanza umeshachoka.

Mimi nilimwambia Madam unawaonea. Wale wana wasimamizi wa masomo wanaolipwa mshahara, wana vyumba vya kusomea vya lazima, wanakula bure, wanasafiri kwa ndege ya kukodi. Wetu anakula ming'oko, viazi vya porini, na chai ya rangi anaenda lekcha. Akanijibu kanuni ya 40, 60, 80 haihitaji ndege, inahitaji daftari. Na daftari analo kweli, kaunta book la kijani, kila mchezaji ana ukurasa wake, kozi alizofaulu, sapu (mtihani wa kurudia), tarehe ya kulipa ada. Tangu tuone lile daftari na sisi timu tumeweka yetu, mwenye sapu mbili anakaa benchi mpaka azisafishe, straika wetu kalia nyumba nzima ikasikia lakini alizisafisha.

Upande wa maombi ya chuo pia ni mzuri, hasa kwa wachezaji wa mtaani walioishia form four wakadhani digrii ni ya wengine. Anawapanga kwa hatua: cheti, diploma, ukitoka na GPA ya 3.0 mlango wa digrii unafunguka, au kama ulimaliza form six angalia kama una prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa kiwango kikuu, zenye jumla ya pointi 4. Anayezunguka na timu nchi nzima anamshauri aangalie Chuo Kikuu Huria, kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na kituo kipo hapahapa Mtwara na Lindi pia, unasoma huku unacheza. Mambo ya Bodi ya Mikopo anakuambia kabisa cheti cha kuzaliwa anza kuhakiki RITA, wakala wa usajili wa vizazi, mapema usisubiri dirisha linakaribia kufungwa, maana siku za mwisho mfumo unazunguka tu na wewe umekaa umeshika kichwa.

Sasa mabaya yake, maana sijalipwa hapa. Kwanza joto, chumba kidogo feni moja nayo inamwelekea yeye. Pili umeme ukikatika hana jenereta, mnakaa mnaangaliana, na mkoa wenye gesi ya Mnazi Bay bana, inauma. Printa ya rangi karibu kila ukienda wino umeisha, usipange kuprinti grafu zako pale siku ya mwisho. Baindingi ya jalada gumu hafanyi mwenyewe, inapelekwa Dar kwa basi na kurudi ni wiki au zaidi, vijana wa mwaka wa mwisho wanaijua hiyo presha. Chenji ni shida, utapewa biro au pipi. Na mdomo, yule dada ana mdomo jamani, kama hupendi kuambiwa ukweli mbele ya watu tuma kazi kwa WhatsApp ukae kwako.

Mkopo anatoa bwana, kile kibao cha chaki ni cha kuwatishia wapita njia. Mchezaji aliyecheleweshewa mshahara na timu yake au anayesubiri bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) anaandikwa kwenye lile daftari. Msimu wa korosho nao una mambo yake, chuo kinafungua Oktoba Novemba na minada ndo kwanza inaanza, mzee ameshapeleka gunia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anasubiri hela iingie benki, ada inadaiwa, Madam anaelewa hiyo lugha maana na yeye ana mikorosho Newala. Ila hela ikiingia usimzungushe, kuna beki mmoja alimkwepa, Madam akaja mpaka mazoezini akakaa kwenye nyasi na daftari lake akasubiri kipenga cha mwisho. Alilipwa siku ileile, tena kwa M-Pesa mbele ya kikosi kizima.

Nampa nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa wino wa rangi. Anafungua saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, Ijumaa mchana anafungua baada ya swala. Ukiwa na haraka nenda asubuhi kabla wanafunzi hawajatoka lekcha, na fleshi yako isafishe kwanza.