Dawa za Kupuliza Mshipi wa Kuvulia: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Jibu kwanza, maelezo baadaye. Kama rili yako, yaani kile kifaa cha kukunjia mshipi, ina mshipi wa nailoni au wa florokaboni na pesa inatosha chupa moja tu, nunua dawa ya majimaji inayopulizwa kwa pampu ya kidole. Kama unatumia mshipi wa kusuka, nunua dawa yenye florini iliyotengenezwa kwa ajili ya mishipi hiyo. Makopo ya gesi yenye silikoni yanakuja nyuma ya hizo mbili, na vitu vya jikoni na gereji viko mkiani kabisa. Na kama mshipi wenyewe umechakaa, weka pesa ya dawa mfukoni ukanunue mshipi mpya.

Mpangilio huu sikuutoa kwenye lebo. Ukisoma lebo, kila dawa hufanya chambo kiruke mbali zaidi, huzuia mshipi kutatana, hukinga jua na kurefusha maisha ya mshipi. Mimi naangalia jambo moja: mshipi umetengenezwa kwa kitu gani, na kimiminika kilichopakwa juu yake kinaweza kukifanya nini kitu hicho?

Mishipi mitatu, maradhi matatu

Nailoni hunywa maji. Ukiwa mkavu kwa muda mrefu, mshipi wa nailoni hukakamaa na kushika umbo la spuli, yaani kile kigurudumu cha rili unakozungushiwa, kwa hiyo ukirusha unatoka kwa koili zinazogonga pete za ufito. Ukilowa hulainika, hunyooka kwa urahisi zaidi, na hupoteza sehemu ya nguvu zake. Hapa ndipo siri ya dawa nyingi za majimaji ilipo: sehemu kubwa ya ulaini unaouona asubuhi baada ya kupuliza usiku imeletwa na maji yaliyomo ndani ya dawa. Kinachobaki, yaani utelezi na kinga ya jua, ni kazi ya vile vilivyochanganywa na hayo maji. Nailoni pia huharibiwa na miale ya jua, kwa hiyo dawa yenye kinga ya jua ina maana zaidi kwake kuliko kwa wenzake wawili.

Florokaboni ni plastiki ya aina nyingine. Hainywi maji kwa kiasi cha kuhesabika na jua haliisumbui sana. Tatizo lake ni ugumu. Iweke kwenye spuli ndogo ya rili tuli, yaani ile ambayo spuli haizunguki wakati wa kurusha, na itaruka nje kwa vishada kama springi iliyofunguliwa. Wauzaji husema dawa "huondoa kumbukumbu" ya florokaboni, yaani tabia yake ya kushika mkunjo wa spuli. Sikubaliani nao. Dawa huifanya itelezeshane, koili moja iiachie nyingine bila kung'ang'aniana, na hilo ni jambo la maana kabisa unaporusha. Lakini mkunjo wenyewe huondolewa kwa kuuvuta mshipi taratibu hadi unyooke, au kwa kununua wenye kipenyo chembamba unaoendana na spuli yako.

Mshipi wa kusuka hutengenezwa kwa nyuzi za polithilini yenye molekuli ndefu mno, zile zinazouzwa kwa majina ya Dyneema na Spectra. Huo hauna mkunjo wa kuondoa. Ni mwepesi kuliko maji na haurefuki sana ukivutwa, ndiyo maana unahisi hata samaki akionja. Maradhi yake ni mengine: maji hujificha kati ya nyuzi na kuufanya mzito na wenye kelele kwenye pete, rangi na nta ya kiwandani huisha ukabaki na manyoya, na ukilegea kwenye spuli hujifunga mafundo hewani. Chumvi ikikaukia ndani huwa kama msasa. Isitoshe, polithilini hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi, kiwango cha chini kuliko nailoni, kwa hiyo msuguano mkali wa mshipi juu ya mshipi unaweza kuukata. Dawa inayofukuza maji na kupunguza msuguano inausaidia kwelikweli.

1. Dawa ya majimaji ya pampu

Inayojulikana zaidi katika kundi hili ni KVD Line & Lure Conditioner, iliyopewa herufi za jina la Kevin VanDam, Mmarekani aliyeshinda Bassmaster Classic, mashindano makubwa ya kuvua samaki aina ya bass, mara nne: 2001, 2005, 2010 na 2011. Jina la bingwa kwenye chupa silo linaloipa nafasi ya kwanza. Nimeiweka juu kwa sababu ya namna inavyotumika. Pampu hukuruhusu kuweka kiasi unachotaka mahali unapotaka, majimaji hukaa juu ya mshipi usiku kucha badala ya kupeperuka, na dawa za aina hii hufaa kwa mishipi yote mitatu hata kama si bora kwa kila mmoja.

Unapochagua kati ya chupa za kundi hili, soma mambo mawili. Kwanza, je, lebo inataja waziwazi aina ya mshipi wako? Pili, je, kuna viyeyusho vya mafuta ya petroli? Kama vipo, rudisha chupa. Harufu kali ya mafuta ya taa ukifungua kifuniko ni ishara tosha. Ukubwa wa chupa usikusumbue. Ndogo humtosha mtu mwenye rili mbili au tatu kwa muda mrefu sana, na kubwa huishia kumwagika ndani ya sanduku la vifaa.

Udhaifu wake ni kwamba haidumu. Mshipi unapita majini na kwenye pete mchana kutwa, dawa inatoka. Anayekuahidi kwamba dawa ya majimaji itakaa msimu mzima anakuuzia maneno.

2. Dawa yenye florini kwa mshipi wa kusuka

Kwa mwenye mshipi wa kusuka, hii ndiyo namba moja na ile ya juu inashuka. Nimeiweka ya pili kwa sababu tu kwamba haina kazi kubwa kwa mwenye nailoni. Wajapani ndio waliobobea hapa, na kopo linalotajwa sana ni PE ni Shu! la Varivas, PE ndiyo kifupi wanachokitumia kwa polithilini. Tofauti yake na dawa ya maji ni kwamba kibebeo hukauka na kuacha utando mwembamba wa florini juu ya nyuzi. Utando huo hufukuza maji. Mshipi haudondoshi tena matone unapourudisha, kelele kwenye pete hupungua, na katika maji ya baridi kali barafu huchelewa kuganda kwenye pete za ufito.

Masharti yake ni mawili, na watu wengi hulipuuza la pili. Mshipi uwe safi na mkavu kabla ya kupuliza, maana ukipuliza juu ya chumvi unaifungia ndani. Kisha uuache ukauke kabisa kabla ya kwenda majini. Ukipuliza ukiwa tayari umesimama ufukoni na kurusha papo hapo, umepuliza pesa hewani.

3. Maji

Wauzaji hawatanishukuru kwa hili, lakini kwa mwenye nailoni maji ya uvuguvugu yanashinda makopo yote yanayofuata kwenye orodha hii. Toa spuli kwenye rili, iloweke usiku, kesho yake funga ncha mahali imara, toa urefu utakaourusha, na uvute taratibu. Mikunjo mingi itakuwa imekwisha. Kwa mshipi wa kusuka uliotoka baharini, kuuosha kwa maji yasiyo na chumvi kunausaidia kuliko dawa yoyote iliyopulizwa juu ya uchafu.

Angalia pia kiasi cha mshipi kwenye spuli. Spuli ikijaa kupita kiasi mshipi humwagika. Ikiwa na mshipi kidogo, koili hugonga ukingo na kupunguza umbali. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 hivi kutoka ukingoni. Nimeona watu wakinunua dawa ili kutibu spuli iliyojazwa vibaya.

4. Kopo la gesi lenye silikoni

Reel Magic ya Blakemore ndiyo ya zamani na inayojulikana zaidi hapa. Silikoni huteleza vizuri, hufukuza maji, na kopo hufika kila pembe kwa sekunde chache. Basi kwa nini iko ya nne? Kwa sababu gesi haichagui. Ukipuliza kuelekea kwenye rili, nusu ya dawa huingia usikokutaka. Rili zenye spuli inayozunguka wakati wa kurusha nyingi zina breki za vipande vidogo vinavyobana kwa msuguano. Vikipata utelezi, breki hulegea na mshipi hutatana zaidi ya ulivyokuwa ukitatana kabla hujanunua dawa. Sahani za ndani ya rili zinazozuia mshipi usitoke ovyo samaki anapovuta nazo hazipaswi kuguswa na dawa hii.

Ukiamua kuinunua, toa spuli, ipulizie mbali na rili, na ufute ukingo wake. Usiliache kopo ndani ya gari lililofungwa juani; makopo ya gesi huwekewa onyo la kutozidi nyuzi joto 50, na gari lililofungwa hupita hapo bila taabu.

Nje ya mstari: mshipi wa nzi bandia

Wanaovua kwa nzi bandia wasifuate orodha ya juu. Mshipi wao kwa kawaida una utando wa plastiki ya PVC juu ya uzi wa katikati, na uzito wa mshipi wenyewe ndio unaorusha nzi, kwa hiyo kuusafisha kuna faida kubwa kuliko kwa mvuvi mwingine yeyote. Tafuta dawa iliyoandikwa kwamba ni ya mishipi ya nzi, kama Line Speed ya Loon Outdoors au Line Dressing ya Scientific Anglers. Osha kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha, paka kidogo kwa kitambaa, acha, kisha futa hadi isisikike mkononi. Viyeyusho vya petroli huiharibu PVC. Vilevile dawa ya kufukuza mbu yenye DEET. Ukijipaka, osha viganja kabla ya kushika mshipi. Na usipake dawa kwenye kile kipande chembamba kinachoshika nzi ikiwa unataka kizame.

Mkiani: jikoni na gereji

Mafuta ya kupikia huchacha na kukamata vumbi. Mafuta mazito ya kujipaka huganda kwenye pete. Dawa za kulegeza nati zina viyeyusho na huacha harufu. Kilainisha nguo kina watetezi wake, wanaoloweka spuli nzima humo, na sikatai kwamba mshipi hutoka laini. Ila humo umo pia ulaini wa maji yaleyale niliyoyapa nafasi ya tatu, na manukato juu yake huna haja nayo karibu na chambo. Kitu pekee cha gereji ninachokiheshimu ni 303 Protectant, iliyotengenezwa kukinga plastiki na mpira dhidi ya jua. Haikutengenezwa kwa mishipi, lakini wapo wavuvi wanaoitumia na haina viyeyusho vya petroli.

Kabla hujapuliza

Pitisha mita kadhaa za mwanzo kati ya vidole, au kwenye pamba. Pamba ikinasa, mshipi una mikwaruzo. Kata hadi ufike palipo laini. Nailoni iliyopauka na yenye unga mweupe imekufa, na hakuna kopo litakaloifufua.

Kisha mafundo. Dawa yoyote inayopunguza msuguano inapunguza pia kile kinacholishikilia fundo, hasa kwenye mshipi wa kusuka, ambao huteleza hata bila dawa. Fundo la FG, linalounganisha mshipi wa kusuka na kipande cha mbele cha florokaboni, hushika kwa msuguano pekee. Lifunge kwanza, likaze kwa nguvu, ndipo upulize. Ukilazimika kufunga baada ya kupuliza, futa nusu mita ya mwisho kwa kitambaa kikavu, na ulowanishe fundo kwa maji wakati wa kulikaza.

Kwa dawa ya pampu, puliza usiku wa kuamkia safari: zungusha spuli huku ukipuliza hadi mshipi uonekane umelowa, uache, na asubuhi futa kilichozidi. Kinachopenya ni tabaka za juu tu, na zinatosha, kwa kuwa ndizo utakazorusha. Ukirudi na kukuta koili zimeanza tena kujikunja au pete zimerudia kelele zake, osha, kausha, puliza upya. Kama kelele inabaki baada ya hapo, usiulaumu mshipi wala dawa. Chunguza pete za ufito kwa pamba uone kama mojawapo imepasuka.