Kurudishia gari rangi Nyanda za Juu Kusini: ipi ulipie, ipi uiache

Kabla ya kuuliza bei, muulize fundi rangi yako itakomaa wapi na kwa joto gani. Thina, yaani kimiminika cha kulainishia rangi, ikishaondoka, kidole hakinati tena na wengi hukabidhiwa gari hapo. Ndani rangi bado laini. Mwezi wa Juni na Julai, Njombe nyasi zikiamka na barafu na Mbeya usiku ukiuma, ulaini huo hudumu sana.

Ninayoiweka mbele ya zote ni 2K ya oveni. Rangi hii ni ya sehemu mbili: huchanganywa na hadina, dawa ya kuikomaza, vikashikana kikemia, na joto ndilo linaloharakisha. Bati likipata nyuzi 60 kwa nusu saa hivi, gari likipoa linafungwa bampa na taa. Ni ghali, lakini kwa gari unalotaka kukaa nalo, lipa.

Ya pili ni 2K hiyo hiyo bila oveni. Kwenye nyuzi 20 inahitaji kama wiki nzima. Chini ya nyuzi 10 karibu inasimama kabisa. Kwa hiyo tafuta gereji yenye banda lililofungwa, siyo chini ya mti, na ukiweza nenda Septemba au Oktoba kabla ya mvua. Fundi atumie hadina ya haraka, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo: kuna kliya (rangi angavu ya juu) za mbili kwa moja, kuna za nne kwa moja. Anayeongeza hadina kwa macho "ili iwahi" anakuharibia, maana rangi hukakamaa na kupasuka baadaye. Gari lisilale nje siku ya kwanza, umande unaua mng'aro. Nta isubiri mwezi au zaidi. Na tafadhali, ukimkuta kijana anapuliza 2K akiwa amejifunga kitambaa puani, usimpe kazi bosi wake. Mvuke wa hadina huleta pumu, na kitambaa hakiuzuii.

NC, rangi ya nitroselulosi isiyo na hadina, ni ya tatu. Inakauka upesi kwa thina kuondoka tu, basi inapendwa na ni nafuu. Ila ikipulizwa kwenye unyevu wa Machi hufanya ukungu mweupe, na petroli ikimwagika karibu na mfuniko wa tangi inaila. Kwa kiraka kwenye gari la zamani inatosha. Ukiuziwa NC kwa bei ya 2K utajua hivi: lowesha kitambaa thina, sugua ukingo wa ndani wa mlango. NC inatoka na kitambaa. 2K iliyokomaa inabaki.

Rangi ya mafuta iache kwa mageti na matela. Inakomaa kwa kuvuta oksijeni, polepole mno kwenye baridi, na siku ukitaka kuipulizia 2K juu yake inajikunja, ukalipe tena kuikwangua mpaka bati.