Usianze na Dune: riwaya nne za kisayansi na namna ya kuziingia

Haya, karibuni tena. Mezani leo kuna vitabu vinne: Binti ya Nnedi Okorafor, Rendezvous with Rama ya Arthur C. Clarke, Walenisi ya Katama Mkangi, na hili tofali hapa, Dune ya Frank Herbert. Swali linaloulizwa kila wiki ni moja: "Nataka kuingia kwenye riwaya za kisayansi, nianze na ipi?" Na jibu linalotembea mitandaoni nalo ni moja: anza na Dune. Filamu umeshaziona, ile ya 2021 na ile ya 2024, jangwa, vumbi, mtu kasimama mgongoni mwa mnyoo mkubwa kama treni. Basi mtu ananunua, anafika ukurasa wa arobaini, kitabu kinaishia kuegemeza dirisha.

Mimi nasema Dune iwe ya mwisho kwenye foleni hii. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza kwa nini wewe unayenisikiliza kwa Kiswahili ukiifikia utakuwa na mtaji ambao wasomaji wengi wa Kiingereza hawana. Tulia, tutafika.

Anza na hiki chembamba. Binti, 2015, kurasa hazifiki mia moja. Kilishinda tuzo za Hugo na Nebula upande wa novela, yaani riwaya fupi. Msichana wa Kihimba, kutoka jamii ile ya kusini mwa Afrika inayojipaka otjize, udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, anatoroka kwao kabla ya kupambazuka kwenda chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine. Chombo anachosafiria ni kiumbe hai, mfano wa kamba wa baharini aliyekua kupita kiasi. Unakimaliza kwa alasiri moja, na hiyo ndiyo faida yake kwa mgeni: unapata sayari ngeni, viumbe wageni na teknolojia isiyoelezwa, vyote kwa dozi ndogo. Ukiona kopo la otjize linatajwa mara kwa mara, lifuatilie. Halikuwekwa pale kama pambo.

Kasoro ipo, na ni kubwa. Katikati ya safari yanatokea mauaji ya kutisha, halafu ugomvi uliogharimu roho za watu unamalizwa haraka mno, karibu kama kikao cha ukoo kilichowahi chai. Na hisabati anayosifiwa nayo Binti inatajwa sana, inaonyeshwa kidogo. Okorafor analirudia lile jeraha kwenye kitabu cha pili, Home, cha 2017. Kwa hiyo usinunue kipande kipande. Tafuta toleo la pamoja la 2019, lina vitabu vyote vitatu na hadithi fupi ya ziada.

Cha pili, Rama. 1973. Hiki ni cha wale wanaouliza, "Lakini sayansi yenyewe iko wapi?" Kitu kinaingia kwenye mfumo wetu wa jua, watu wanadhani ni kimondo, kumbe ni pipa. Pipa la urefu wa kilomita 50 na kipenyo cha nje cha kilomita 20, linajizungusha kama pia, mzunguko mmoja kila dakika 4. Wanaanga wanaingia ndani. Kisa chenyewe ndicho hicho, hakuna vita wala mapenzi ya kukimbizana.

Sasa chukua kalamu, maana raha ya Clarke iko kwenye vipimo. Zungusha ndoo ya maji kwa kasi, maji hayamwagiki. Yanagandamizwa kwenye kitako cha ndoo. Ndivyo watu wanavyosimama ndani ya Rama, kwenye ukuta wa pipa kwa upande wa ndani. Ukuta wenyewe ni mnene, kwa hiyo kutoka mhimili wa katikati hadi "sakafuni" ni kilomita 8. Mzunguko wa sekunde 240 unakupa kasi ya 2π gawa kwa 240, yaani 0.0262. Zidisha hiyo kwa yenyewe, kisha zidisha kwa mita 8,000, unapata kama 5.5. Hiyo ndiyo nguvu inayowagandamiza sakafuni; kwa kipimo hichohicho, mvutano wa Dunia ni 9.8. Maana yake mtu wa kilo 70 atajisikia ana uzito wa nusu na kidogo. Na kwa kuwa nguvu hiyo inategemea umbali kutoka kwenye mhimili, wanapoanza kushuka zile ngazi kutoka katikati hawana uzito kabisa, na kila hatua inawaongezea. Mwandishi hakulihitaji jini lolote kwa hilo. Duara tu linalozunguka.

Sura zake ni fupi fupi, nyingi ni kurasa chache, kwa hiyo hata msomaji wa daladala anaweza kumaliza moja kati ya vituo viwili. Udhaifu wake ni watu. Hata Kamanda Norton mwenyewe, kiongozi wa wanaanga hao, ukifumba macho huwezi kumtofautisha na wenzake kwa maneno yake. Wote wanaongea kama ripoti. Na mwisho wake unaacha maswali makusudi. Wanaokasirika hukimbilia mwendelezo ulioandikwa miaka ya baadaye na Clarke pamoja na Gentry Lee. Usikimbilie. Ni vitabu vya hulka nyingine kabisa, vimejaa mivutano ya watu ambayo cha kwanza hakikuwa nayo. Soma kimoja, funga, kaa na maswali yako.

Walenisi nitaipitia haraka, kwa sababu ndiyo pekee hapa iliyoandikwa kwa Kiswahili na ndiyo watu wanaodhani ni kitabu cha darasani. Ilitoka 1995, East African Educational Publishers. Dzombo kahukumiwa kufa, na adhabu yenyewe ni kufungiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani. Anafanikiwa kukiongoza, anatua kwenye sayari ambayo jina lake ukilikata vipande linajieleza: wale-ni-sisi. Usitegemee kuelezwa injini. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na mashine anayoifungua skrubu moja moja ni jamii: nani anatawala, nani anakula, nani anafanya kazi. Kinachochosha ni mijadala; mahali pengine wahusika wanakaa na kuhutubiana hadi unasahau kwamba tuko sayari nyingine. Dawa yake ni kusoma kurasa ishirini ishirini, si kwa mkupuo.

Haya. Dune.

Kilitoka 1965, na kilichapwa na Chilton, kampuni iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya kutengeneza magari. Maneno yake yanakaribia laki mbili. Ugumu wake si urefu. Sura ya kwanza tu inakutupia Bene Gesserit, gom jabbar na Kwisatz Haderach, na hakuna mhusika anayesimama kukueleza, kwa sababu wao wanavijua. Pili, Herbert anaruka kutoka kichwa cha mtu mmoja hadi cha mwingine ndani ya tukio lilelile. Kwenye ile karamu ya chakula cha jioni kule Arrakeen, mji wa kwenye sayari ya jangwa, unasikia anachosema mtu, anachowaza, na anachowaza aliyekaa mbele yake, vyote kwenye ukurasa mmoja. Kinachokuokoa ni hati za mlazo, zile herufi zilizoinama: mawazo yameandikwa kwa mlazo. Sasa zile nakala za elektroniki za vichochoroni zilizochapwa ovyo mara nyingi zinapoteza mlazo, na hapo ndipo mtu anadhani wahusika wamechanganyikiwa. Kabla hujalipa, fungua kurasa za mwanzo za majaribio uhakikishe mlazo upo.

Ngoja nisogeze kamera. Unaona hapa nyuma? Kuna nyongeza nne, halafu kuna sherehe, orodha ya maneno magumu na maana zake. Watu wengi hawajui ipo hadi wamalize. Weka alama mbili za kurasa, moja ulipofika, moja hapa. Nyongeza ya kwanza, ya ikolojia, ni tamu, lakini usiiguse kabla hujamaliza sehemu ya pili ya riwaya, inamwaga mambo. Ila usihangaike na msaliti: anatajwa kwa jina sura ya pili kabisa. Herbert hataki umtafute ni nani, anataka uone watu wakimkaribia huku wewe unajua.

Sasa ule mtaji wako. Herbert alichota maneno mengi ya jangwani kutoka Kiarabu, na sisi tulishayachota zamani. Angalia. Wenyeji wa jangwa wanamsubiri mtu wanayemwita Lisan al-Gaib. Sherehe inasema maana yake ni sauti kutoka ulimwengu wa nje. Msomaji wa Kiingereza anakariri. Wewe unayo lisani, ulimi, na unayo ghaibu; binamu yako akiwa Toronto unasema yuko ughaibuni. Umeshafika. Paul, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, anapewa jina la Usul, nguzo inapokaa. Sisi tuna usuli. Jina lake la pili, Muad'Dib, ni la panya mdogo wa jangwani, na wanamwita pia mwalimu wa wavulana. Sikiliza kuadibu ndani yake. Aql ni mtihani wa akili. Na bi-la kaifa inasemwa mahali pa amina, kwamba hapahitajiki maelezo zaidi. Hata neno letu "bila" limo humo.

Lakini usijiamini kupita kiasi, kuna mitego. Baraka kule si neema, ni mtu mtakatifu aliye hai mwenye uwezo wa ajabu. Adab si tabia njema, ni kumbukumbu inayokujia yenyewe kwa nguvu. Na maula, ambalo kwetu tunalielekeza juu kwa Mola, kule ni mtumwa! Kwa Kiarabu mzizi huo unabeba pande zote mbili, bwana na aliye chini yake, Herbert akachagua wa chini. Bastola ya maula ni bunduki ya springi inayorusha vishale vya sumu, kama mita 40.

Kingine cha kutazama kwa karibu ni lile vazi la kuhifadhi maji. Unavuta pumzi kwa mdomo kupitia kichujio, unatoa kwa mirija ya puani. Mwendo wa mwili na kupumua ndivyo vinavyosukuma maji hadi kwenye mifuko. Haja zote zinachakatwa kwenye pedi za mapajani. Likivaliwa sawasawa, kwa siku hupotezi zaidi ya maji ya kujaza kastabini, kile kikofia cha kidole cha fundi cherehani. Limebuniwa vizuri kiasi kwamba unasahau kuuliza swali moja: joto linaenda wapi? Jasho linatupoza kwa sababu linakauka na kuondoka na joto. Ukilinasa na kuligeuza maji tena, lile joto linarudi ndani ya vazi. Herbert anataja mfumo wa kubadilishana joto, kisha anapita haraka, na jangwani saa saba mchana hewa ya nje ina moto kuliko mwili. Mtu angepikika. Mimi namsamehe, kwa sababu vazi hilo ndilo linalokufanya uamini kila tone lina thamani.

Kama filamu ndizo zilizokuleta, ile ya 2021 inaishia baada ya pambano la Paul na Jamis, mmoja wa wenyeji wa jangwa, katika sehemu ya pili ya riwaya. Hata hivyo anza ukurasa wa kwanza. Karamu niliyoitaja haimo kwenye filamu.

Ukimaliza, mfuatie Dune Messiah ya 1969. Ni fupi zaidi, na humo shujaa uliyemshangilia anadaiwa hesabu ya damu iliyomwagwa kwa jina lake. Vile vinne vingine vya Herbert vinaweza kusubiri rafuni.